Mkutano Ulifunguliwa kwa Maombi

Huku kwetu Tetu hatukumwita kwa jina. Alikuwa Mzee wa Kanisa, basi, hata kwa wale wasioonekana kanisani ila siku ya harusi. Kanisa letu lina wazee wengi, na wengine walimzidi umri, lakini ukisema "Mzee wa Kanisa amepita hapa" hakuna aliyekuuliza yupi. Mambo ya kuzaliwa kwake na ukoo wake sitayaeleza. Mwenyewe alikuwa akiyakata mtu akiyaanza: "Hiyo mtasoma nikiwa ndani ya sanduku. Sasa hivi tuongee maneno ya ng'ombe."

Mimi nilikuwa jirani yake. Shamba langu na lake yanatenganishwa na mstari wa nepia, majani ya kulisha ng'ombe, na huo mstari tuliugombania miaka na miaka, kila mmoja akidai mwenzake anakata majani upande usio wake. Siku hizi amehamia kwa binti yake, mbali, na nepia naikata pande zote mbili bila mtu wa kunikemea, wala sioni raha yake. Nasema hivi msije mkadhani namtukuza. Alikuwa mgumu, alikuwa mbishi, na chai yake ilijaa sukari kiasi cha aibu, mtu anayetuhubiria kiasi kila Jumapili.

Ila kuomba! Haiya. Kuomba alijua.

Angevua kofia, akaikunja na kuitia mfukoni mwa koti. Kisha angenyamaza. Angenyamaza mpaka hata watoto wachanga wanyamaze, mpaka wewe mwenyewe uanze kukumbuka dhambi zako. Halafu angeanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua, na hapo ndipo ulijua kuna mtu atachomwa leo. Maana Mzee wa Kanisa hakuwa mtu wa kukukemea usoni. Alikukemea kwa Mungu, na wewe umesimama hapo umefumba macho, huna pa kwenda.

Kwenye mkutano wa ushirika wa maziwa alisema: "Bwana, wewe unaona mpaka ndani ya mkebe. Unamwona yule ndugu yetu ambaye hupitia mtoni kabla ya kufika kwa mizani. Hatumtaji. Wewe unamjua, na gambuti zake ziko na matope ya mto mpaka saa hii." Sote tulikuwa tumefumba macho, na sote tukafumbua jicho moja. Mimi nililifumbua. Nikaona mtu fulani anaficha miguu yake pole pole chini ya benchi. Maziwa ya wiki hiyo yalikuwa mazito, mpaka mpimaji akauliza kama tumebadilisha ng'ombe.

Siku nyingine alimwombea chifu, mbele ya chifu, "moyo wake ulainike, Bwana, maana barabara imekataa kulainika." Tingatinga lilikuja kabla ya mvua. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba maombi yake hayafiki. Niliwahi kumtania. "Mzee, hayo si maombi, ni kusengenya watu ukiwa umefumba macho." Akacheka mpaka akakohoa.

"Mama Wambui," akaniambia, "mtu akiongea, utamkatiza. Akiomba, nani atamkatiza? Utamkatiza ukimwambia Mungu nini?"

Aliyeweza kumkatiza alikuwa mmoja tu, mkewe. Mama yule alikuwa mdogo wa mwili na mcheshi, na hakuogopa mtu. Mzee akianza kuzunguka dunia yote kwa maombi na irio zinapoa mezani, mkewe angesema kwa sauti kubwa, katikati ya sentensi ya mumewe, "Amina!" Na sisi wote, kwa shukrani, "Amina!" Sahani zikaanza kugongana. Mzee angefumbua macho akamtazama mkewe kwa hasira, halafu angekula kuliko sisi wote.

Simu alizichukia. Alikuwa akisimama mlangoni mwa kanisa na kiondo cha mkewe, kila anayeingia anatumbukiza simu yake ndani. Jumapili moja kiondo kikalia katikati ya mahubiri, na simu iliyolia ilikuwa yake mwenyewe, maana aliitumbukiza ya kwanza ili awe mfano mwema, akasahau kuizima. Hakuomba msamaha. Alisema shetani ndiye aliyepiga.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kulala chumba kimoja na chombo cha intaneti, akakipenda, akakibembeleza, na mwishowe kikamvunja moyo.

Mkewe alikuwa ameharibika mapafu. Daktari alisema ni moshi, miaka yote ile ya kupikia kuni mbichi jikoni kusiko na dirisha. Ikafika mahali hawezi kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kushika ukuta. Watoto wao wakachanga wakanunua mashine, wakalipa yote, haikuwa ya mkopo. Ilikuwa nzito kuliko mkebe wa maziwa uliojaa. Ilivuta hewa ya chumbani, ikaichuja, ikampa mama oksijeni kwa mrija wa puani. Sisi tuliiita mashine ya pumzi. Siku ya kwanza mama yule alitoka nje na mrija wake mrefu, akaketi kwenye kiti juani, akaniita kwa kelele nije nione. Nilikuwa sijasikia kelele yake kwa muda mrefu, nikakimbia nikidhani nyumba inaungua.

Lakini ndani ya mashine kulikuwa na laini ya simu. Mwuzaji alieleza kwamba kila wiki lazima mashine ijulishe kampuni yake, kupitia intaneti, kwamba iko na inafanya kazi. Ikikosa kujulisha, inajiona imeibiwa, inajifunga.

"Ni ya kuzuia wezi, Mzee," mwuzaji alisema.

"Na mwizi wa mashine ya pumzi, ataiibia nini kama si kupumua?" Mzee aliuliza. Mwuzaji akacheka, akaingia kwa gari lake.

Sasa nyumba yao iko chini bondeni, na ukungu wa huku mnaujua. Netiwaki haifiki. Ili upate netiwaki lazima upande mpaka juu, kwenye banda la kuuzia majani chai. Tulimwambia mama ahamie kwa jamaa wa huko juu na mashine yake. Akakataa kabisa. "Mimi ndio nihame? Sukumeni hiyo mashine, iko na magurudumu."

Basi tukaisukuma. Huku kwetu kuna ngwatio: leo tunalima kwangu, kesho kwako, na hakuna anayemlipa mwenzake. Mashine ya pumzi tuliitia kwenye ngwatio. Kila wiki boma moja lilikuwa na zamu ya kuipandisha kwa wilbaro, imefunikwa blanketi, na boma jingine lilikaa na mama anayepumulia mtungi mdogo wa hospitali mpaka mashine irudi. Pale bandani wanawake wenye vikapu vya majani walikuwa wameiachia nafasi mwisho wa benchi, karibu na soketi, na hakuna aliyethubutu kuweka kikapu chake hapo. Tungeiwasha tukangoja. Mzee alisimama kando yake amevua kofia, yule yule wa kiondo, akiinua simu yake juu kuona kama netiwaki imekuja. Taa ya mashine ikigeuka kijani mtu angesema, "Imeshika!" na banda zima likashangilia.

Mimi nilishangilia pia, lakini zamu yangu ikifika nilisukuma ile wilbaro nikitukana njia nzima. Mwanamke mzima, amelipiwa mashine yake, kila wiki majirani wanaibeba mlimani ikaombe ruhusa ya kumpa pumzi. Nilikuwa nikimwambia Mzee, "Hii ni utumwa." Alinijibu, "Sukuma, Mama Wambui. Tutaongea ikiwa kijani."

Ndipo chifu alipotangaza kwamba serikali inaandika sera ya taifa ya vifaa vinavyoongea na intaneti, na kwamba inataka maoni ya wananchi. Alivitaja: mita za maji, kamera za madukani, kola za ng'ombe, mashine za wagonjwa. Jioni hiyo Mzee alipita katikati ya nepia yangu bila kusema neno juu ya mpaka, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Serikali inaniuliza," akasema.

"Inakuuliza nini?"

"Kuhusu mashine yangu."

Alikuwa na sentensi moja tu, na aliifanyia mazoezi akikamua, namsikia kutoka kwangu: "Chombo kinachompa mtu pumzi kisifungwe na mtu aliye mbali." Aliibadilisha neno hapa na pale, akairudisha ilivyokuwa. Ng'ombe wake lazima aliijua kwa kichwa.

Mkutano wa kwanza ulikuwa hapa Tetu, uwanjani kwa chifu, hema na viti vya plastiki na watu wa Nairobi wamekaa mbele. Emsii akashika maikrofoni. "Tuanze na maombi. Na vile tuko na bahati, Mzee wa Kanisa yuko hapa!" Mzee akaomba vizuri, akaiombea nchi, sentensi yake akaiweka akiba kwa saa ya maoni. Saa ya maoni ilipofika akainua mkono. Emsii akamtabasamia.

"Mzee ametufungulia mkutano. Tuwape wengine nafasi."

Ndivyo desturi yetu ilivyo. Aliyepewa maombi amepewa heshima yake, na huwezi kupewa heshima mara mbili mbele ya watu. Waliopewa nafasi waliongea juu ya barabara, juu ya bei ya majani chai, mmoja akaongea juu ya mkwe wake. Juu ya vifaa vya intaneti hakuongea mtu. Tukapewa soda na nusu mkate tukaenda nyumbani, Mzee bado ana sentensi yake mdomoni.

Kulikuwa na mwingine Kagio. Mimi huenda huko kununua nyanya za kuuza soko la Nyeri, kwa hivyo tulienda pamoja. Mzee alikuwa na furaha. "Kule hakuna anayenijua," akasema, "hawawezi kunipa maombi." Masikini! Na ile kofia, na lile koti, na ile fimbo, na nywele nyeupe pe! Hatujakaa chini emsii wa Kagio akamwona kutoka mlango wa ukumbi. "Naona tuko na mzee mgeni. Mgeni ni baraka. Mzee, tufungulie." Nilitamani kulia na nilitamani kucheka. Saa ya maoni akainua mkono mpaka mkono ukachoka, akauinua ule mwingine. Tulirudi na makreti yangu ya nyanya. Karibu na nyumbani akasema, "Kofia ningeacha."

Halafu ile siku ya taa nyekundu. Zamu haikuwa yangu, lakini nilikuwa bandani na majani yangu. Waliiwasha, wakangoja, Mzee akainua simu yake, netiwaki ilikuwepo, tena nyingi. Taa ikakaa nyekundu. Wakaizima wakaiwasha. Karani wa majani akamaliza kupima, akafunga mizani, hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Mzee akapiga nambari ya kampuni na ile sauti ya mwanamke ikasema nambari haipatikani. Baadaye tulisikia kampuni imefunga ofisi, wenyewe wameondoka. Mashine ilikuwa ikipiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Tuliipeleka kwa fundi Nyeri. Akaifungua, akaipima, akaifunga.

"Mzee, mashine ni nzima kabisa. Inangoja tu ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya mwenye mashine."

"Mwenye mashine ni mimi," Mzee akasema.

 Fundi alijaribu laini nyingine, alijaribu kila kitu anachokijua, na mwisho akakataa kulipwa.

Mama akapelekwa hospitali mjini, akalazwa kando ya ukuta wenye bomba la oksijeni. Bomba la ukutani halina netiwaki, halimwulizi mtu ruhusa, lakini pia halihami. Angeondoka tu kitandani, pumzi inabaki ukutani. Watoto walikuwa wanatafuta mashine nyingine, na mashine ya namna hiyo hainunuliwi kama debe la viazi. Kila nikienda kumwona alinishika mkono. "Mwambie mzee wangu anirudishe nyumbani. Sitaki kufia hapa nikisikiza vikohozi vya wenyewe. Nataka kuona ng'ombe." Alisema hivyo kila siku, na kila siku Mzee alimjibu, "Nakurudisha." Usiku na mchana jambo lake lilikuwa hilo moja: ile taa igeuke kijani, mkewe arudi kwake akiwa hai.

Mkutano wa Nyeri mjini ulikuja mama akiwa bado amelazwa huko wodini. Ukumbi hauko mbali na hospitali. Mzee alikuwa ameamini, na sikuweza kumtoa imani hiyo, kwamba wale watu wa Nairobi wanamjua mtu mwenye mkono wa kuifungua mashine. Wakisikia tu, watapiga simu. Alikuja bila kofia. Emsii, mama mmoja mpole, alitembeza macho ukumbini, akayaleta kwetu, nikajua.

"Mzee, tafadhali, utufungulie kwa maombi."

Nikamnong'oneza, "Kataa."

"Nani hukataa kuomba?" akanijibu, akasimama.

Alinyamaza kama kawaida yake. Na nilipoona jinsi alivyonyanyua kichwa nilijua amekata shauri. Angewachoma kama alivyomchoma chifu.

"Bwana, asante kwa wageni wetu wa kutoka Nairobi. Bwana, wewe ulimpulizia Adamu pumzi puani, na hukuitia kufuli. Hukumwambia apande mlima kila wiki akujulishe kwamba bado anapumua. Ulimpa ikawa yake mpaka siku uliyoipanga wewe. Sasa, Bwana, mke wangu amelala hapo juu, na mashine yake iko nyumbani, nzima, tulilipa, na imejifunga kwa sababu wenyewe walienda. Waambie hawa watumishi wako waandike kwa sera: chombo kinachompa mtu pumzi kisifungwe na mtu aliye mbali. Waandike, Bwana. Na kama ndani ya nyumba hii kuna mtu anayemjua yule wa kufungua, mguse apige simu leo. Usimwache angoje sera iishe. Mama yule hawezi kungoja."

Mwanamume aliyekaa karibu nami alikuwa akilia wazi wazi. Nilifumbua jicho nikaona watu wa Nairobi wameinamisha vichwa, mmoja ameshika kitambaa. Tulipoitikia "Amina" mabati yalitikisika. Mimi nikasema moyoni, tumeshinda. Woi, jinsi nilivyokuwa mjinga!

Mwenyekiti wa mkutano akajifuta macho. "Asante sana, Mzee, kwa maombi yenye upako. Sasa tuingie kwa ajenda."

Nilingoja mtu ainuke na simu. Hakuna aliyeinuka. Nikaenda mbele, nikainama kwa karani wa mkutano, binti mmoja aliyekuwa na laptopu.

"Umeandika?"

"Nini, mama?"

"Yale Mzee amesema."

"Mama, nilikuwa nimefumba macho."

"Basi andika sasa."

Akanitazama kwa huruma, na macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amelia kama wengine. "Maombi haiandikwi, mama. Tunaweka tu hivi." Akanigeuzia laptopu nisome: Mkutano ulifunguliwa kwa maombi. Hiyo tu. Nilitaka kumtukana, na angekuwa na kiburi ningemtukana, lakini alikuwa mtoto wa watu mwenye adabu. Nikarudi kukaa. Mzee aliinua mkono saa ya maoni, na kila mara emsii alimwinamia kwa heshima. "Mzee ameshatubariki."

Tulipanda pamoja mpaka wodini. Mkewe alikuwa macho, amengoja.

"Walisema nini?"

Mzee akavuta kiti. Akaketi.

"Walisema amina."

"Wote?"

"Wote."

"Ulikuwa umemaliza ama walikukatiza?"

"Nilikuwa nimemaliza."

Mama akacheka, kile kicheko kidogo kilichokuwa kimemsalia, na ukungu ukatanda ndani ya kifuniko cha oksijeni kilichomziba pua na mdomo. "Basi walikuwa na subira kunishinda," akasema. Mzee akamshika miguu juu ya blanketi. Mimi nilitoka nikalia kwenye ngazi, na sikujali nani ananiona.

Mama alifia pale pale, kando ya ukuta, majira ya baridi, ng'ombe hakumwona. Siku ya kumzika mchungaji alimpa Mzee nafasi aombe, na Mzee akatikisa kichwa tu. Watu walidhani ni uchungu. Lakini Jumapili iliyofuata akatikisa kichwa, na iliyofuata, na kwenye ushirika wa maziwa vilevile. Waliochukua nafasi yake waliomba maombi mafupi, mazuri, yasiyomchoma mtu, na maziwa yakaanza kuwa mepesi tena. Mashine ya pumzi ilibaki chumbani kwake, nzima, imefunikwa shuka la mkewe. Kuna siku nilimkuta akiipangusa vumbi. Nikamwambia aiuze chuma chakavu. Akasema, "Ile siku watafungua, ipatikane safi." 

Mara ya mwisho niliyokaa naye mbele ya umati, kabla binti yake hajaja kumchukua, ilikuwa siku watu wa Nairobi waliporudi na rasimu ya ile sera. Walikuja kwa chifu, hema lile lile, viti vile vile. Nilimkuta Mzee ameketi safu ya kwanza, amevaa kofia yake, na koti, na fimbo iko katikati ya magoti. Karani alikuwa yule yule binti. Emsii naye alikuwa yule wa mkutano wetu wa kwanza.

"Tuanze na maombi. Mzee wa Kanisa, karibu."

Mzee akasimama. Kofia hakuvua.

"Leo siombi," akasema. "Leo nimekuja kuandikwa."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani. Emsii akacheka pia. "Mzee wetu, bila maombi tutaanzaje?"

"Basi tusianze."

Hakuna aliyecheka tena. Upepo ulikuwa ukipigapiga hema. Mkubwa mmoja kutoka Nairobi akatazama saa, akamtazama chifu, na chifu akatazama viatu vyake, maana kumkalisha Mzee wa Kanisa hakuweza na kuanza mkutano bila maombi hakuweza. Huku kwetu hata mnada wa mbuzi hauanzi bila maombi. Tulikaa hivyo mpaka nikaanza kutoka jasho kwa niaba yake. Halafu yule karani, bila kuambiwa na mtu, akafungua laptopu yake.

"Sema, Mzee," akasema. "Naandika."

Mzee akasogea mpaka akasimama mbele ya meza yake. Akaisema ile sentensi pole pole, macho wazi, akitazama vidole vya yule binti vikiifuata. "Chombo kinachompa mtu pumzi kisifungwe na mtu aliye mbali."

"Soma."

Binti akasoma. Hakukosea neno.

"Ongeza hapo. Imesemwa na mume wa Nyaguthii."

"Nyaguthii nani, Mzee?"

"Nyaguthii aliyefungiwa pumzi. Andika hivyo."

Binti akaandika, akamgeuzia aone. Mzee akainama akasoma kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata maneno kwenye kioo. Kisha akarudi kitini, akavua kofia, akaikunja akaitia mfukoni.

"Sasa ombeni," akasema, akafumba macho.

Emsii akatafuta mtu wa kuomba, na macho yake yakaniangukia mimi, jirani. Nikasimama. Sikuwa na chochote cha kumwambia Mungu siku hiyo ambacho kingefaa kusikiwa na watu. Nilifungua kinywa, na neno lililotoka lilikuwa moja, kwa sauti kubwa, vile Nyaguthii alikuwa akilisema irio zikipoa.

"Amina!"

Mzee akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, na kile kicheko kikageuka kikawa kilio, mzee mzima, mbele ya chifu na watu wa Nairobi, akilia kwa sauti. Na hakuna aliyemkatiza.